Kulirudisha Jiko la Nyumba ya Zamani Katika Sura Yake: Mwongozo Kamili kwa Wenye Nyumba za Mawe Dodoma na Miji ya Jirani

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na kukamilika hadi Kigoma mwaka 1914. Kandokando yake zilisimama nyumba za mawe na za tofali za kuchoma, zenye kuta nene, dari za juu na baraza pana. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliongeza nyingine za watumishi wa serikali na wa reli, na huko Kongwa mpango wa kilimo kikubwa cha karanga ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 nao ukaacha majengo yake. Mtu anayerithi au kununua mojawapo ya nyumba hizi leo kwa kawaida hukuta sebule imesalimika na jiko limeharibiwa, kwa sababu jiko ndicho chumba ambacho kila mkaaji mpya hutaka kukifanya cha kisasa.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulirudisha jiko hilo katika sura ya zama zake bila kuacha maji ya bomba, umeme wala gesi. Jambo moja naliweka mbele kabla ya mengine yote, kwa kuwa maamuzi mengi yatakayofuata yanalitegemea: jiko la nyumba hizi halikujengwa ili litazamwe na wageni. Mara nyingi lilikuwa banda la pembeni, limetengwa na nyumba kubwa kwa sababu ya moshi, joto na hofu ya moto, na aliyelitawala alikuwa mpishi, mara nyingi mwenyeji wa huku huku. Anayelitengeneza kwa kuiga picha za majiko ya Ulaya, yenye kabati zilizopangwa ukuta hadi ukuta, atapata chumba kizuri pengine, lakini hakitakuwa jiko la nyumba ile.

Kulisoma jiko kabla ya kuligusa

Tenga siku nzima, au mbili, kwa ajili ya kutazama tu. Pima chumba, kichore kwenye karatasi, kipige picha kila ukuta na kila pembe, kisha anza kutafuta alama. Kwa kisu butu kwangua mahali padogo pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, uone tabaka za rangi zilivyopandana. Ya chini kabisa ndiyo itakayokuambia rangi ya mwanzo, na katika nyumba za huku aghalabu ni chokaa nyeupe au ya manjano hafifu, na chini ya usawa wa kiuno rangi ya mafuta iliyokoza zaidi. Nyumba ya miaka hiyo inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, hivyo usipige msasa mkavu: lowesha ukuta kwanza, vaa barakoa, na ukusanye uchafu wote kwenye mfuko badala ya kuufagilia uani.

Gongagonga kuta kwa fundo la kidole. Palipo na mlio wa debe tupu ama lipu imeachia, ama pana shubaka au tundu la dohani lililozibwa. Tazama sakafu unapomwaga maji kidogo: maji yatakimbilia upande wa mfereji wa zamani hata kama mfereji wenyewe umefukiwa. Tafuta matundu ya misumari na kulabu yaliyojipanga mstari mmoja, kwani hapo palikuwa na rafu, na urefu wake kutoka sakafuni ndio kipimo utakachokitumia tena.

Katika jiko moja la nje ambalo nililishughulikia, si mbali na stesheni ya Dodoma, tulikuta pembeni mwa jukwaa la jiko la chuma duara jeusi la masizi lililozama kwenye sakafu. Fundi alitaka kulisugua. Lilikuwa ni mahali pa mafiga: mpishi aliwapikia wenye nyumba juu ya chuma, na chakula chake akakipika juu ya mawe matatu. Tuliliacha lilivyo, na hadi leo ndicho kitu cha kwanza ninachomwonyesha mgeni.

Mambo ya kisheria na dari yenye hatari

Kubomoa ukuta, kufungua mlango mpya au kubadilisha paa kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na ni vyema kuuliza pia kama jengo limewekwa chini ya ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kukarabati lipu, sakafu na samani kwa kawaida hakuna mgogoro, ila barua ya kuuliza haigharimu kitu.

Hatari kubwa iko juu ya kichwa. Nyumba nyingi za serikali na za reli ziliezekwa au kuwekewa dari kwa mabamba ya asibesto, ya kijivu, magumu, yanayokatika kama biskuti. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Bamba zima lisilo na ufa ni salama kuliko bamba linaloguswaguswa, kwa hiyo usilitoboe, usilikate kwa msumeno, wala usimruhusu fundi umeme apitishe waya ndani yake. Likiwa limevunjika, simamisha kazi na upate ushauri wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kuhusu namna ya kuliondoa na mahali pa kulifukia.

Kuchagua miezi

Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni kiangazi. Paa na mifereji vishughulikiwe Mei, mara tu mvua zinapokatika, kwa sababu hakuna faida ya kupiga lipu mpya chini ya bati linalovuja. Kuta na sakafu zifuate Juni hadi Agosti, wakati jua halijawa kali. Septemba na Oktoba joto na upepo mkavu hukausha kila kitu kwa saa chache, na hilo, kama nitakavyoeleza, ndilo adui wa chokaa.

Kuta

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta wa zamani wa mawe au tofali za kuchoma uliunganishwa kwa udongo au kwa chokaa, na si kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini wakati wa masika na kuutoa polepole kupitia lipu yake laini. Unapoufunika kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea. Hupanda juu zaidi, husukuma chumvi nje na kuibandua ile lipu mpya kwa vipande vikubwa, mara nyingine pamoja na uso wa tofali. Jiko nililolitaja lilikuwa limepigwa saruji na marumaru hadi darini na fundi aliyetangulia, na kabla masika ya tatu hayajaisha marumaru zilikuwa zinaanguka usiku kwa kishindo.

Ili kujua ulicho nacho, chokonoa kiungo kati ya mawe kwa msumari. Saruji haitaingilika kirahisi. Chokaa itakwanguka na kuonyesha chembe nyeupe ndani yake, na udongo utamomonyoka wenyewe. Baada ya kujua, bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, ukianzia palipoachia. Palipogandamana sana kiasi kwamba kuibandua kutavunja tofali, acha. Afadhali kiraka kibaya kuliko ukuta uliojeruhiwa. Kisha uache ukuta uchi kwa wiki tatu au nne upumue.

Chokaa ya mifuko inayouzwa madukani inafaa, mradi iwe mpya na imehifadhiwa pakavu. Siku moja au zaidi kabla ya kazi, iloweke kwenye pipa la plastiki: mimina maji kwanza, halafu ongeza chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi iwe nzito kama uji wa lishe, kisha ifunike. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini, na mafundi wa zamani waliiacha kwa majuma. Chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha, kwa hiyo glovu na miwani si anasa, na ndoo ya maji safi iwe karibu muda wote.

Changanya sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa, kwani mchanga wenye chumvi au udongo mwingi utakurudisha ulikotoka. Lowesha ukuta tangu jana yake na uuloweshe tena asubuhi. Tabaka la kwanza lisizidi unene wa milimita 12. Likianza kushika, likwaruze kwa mistari ya kupishana ili la pili lipate pa kushikia, na uliache likae wiki moja au zaidi. Tabaka la pili liwe na mchanga mwembamba, milimita 5 au 6, lisawazishwe kwa ubao badala ya mwiko wa chuma ili lisifunge matundu yake.

Sasa suala la ukavu. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugeuka jiwe kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole, na hilo linahitaji unyevu. Katika upepo wa Dodoma lipu iliyopigwa saa tatu asubuhi huwa nyeupe na yenye nyufa kabla ya alasiri, na ukiigusa inatoka unga. Dawa yake ni rahisi lakini inataka uvumilivu: tundika magunia ya katani yaliyoloweshwa mbele ya ukuta bila kuugusa, funga madirisha, na unyunyizie maji mepesi asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku saba. Fundi aliyezoea saruji atakuambia kazi imekwisha siku ya pili. Mkubaliane malipo ya wiki hiyo ya kunyunyizia kabla hajaanza, la sivyo hutamwona.

Mwisho ni kupaka chokaa. Izimue iwe nyepesi kama maziwa, upake mikono minne au mitano, na kati ya mmoja na mwingine ipite siku nzima. Mkono wa kwanza utakutia wasiwasi kwa kuwa haufuniki kitu, subiri ukauke. Ukitaka rangi, ongeza unga wa rangi ya udongo usiozidi sehemu 5 kwa 100 za uzito wa chokaa. Nyuma ya sinki na ya jiko la gesi pekee ndipo pa kuweka marumaru nyeupe za sentimita 15 kwa 15, mistari mitatu au minne, na zisipande zaidi ya hapo.

Sakafu

Sakafu nyekundu inayong'aa ndiyo watu wengi wanayoikumbuka kutoka nyumba za serikali, na inaweza kufanywa upya bila shida kubwa. Ikiwa ile ya zamani bado imara na imechakaa rangi tu, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ziba nyufa, na uisugue kwa nta nyekundu ya sakafu kwa kipande cha blanketi chakavu. Majuma mawili ya kusugua yanaweza kukushangaza. Ikiwa imevunjika, vunja sehemu iliyolegea pekee.

Kwa sakafu mpya, juu ya zege lililokomaa, mimina tabaka la saruji na mchanga la sentimita 3 au 4, lililogawanywa katika miraba ya takriban mita moja na robo ili nyufa zifuate mistari badala ya kujichagulia njia. Tabaka hilo likiwa bado bichi, piga niru, yaani uji laini wa saruji, iliyochanganywa na unga wa oksaidi nyekundu. Unga usizidi kilo 5 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, kwani ukizidi sakafu hupoteza nguvu, na uchanganywe mkavu wote kwa mara moja ili rangi isitofautiane. Baada ya hapo sakafu ifunikwe na kumwagiwa maji kwa siku saba. Na kabla ya hayo yote, fundi achimbe kando ya msingi na kuweka dawa ya mchwa, kwa maana Dodoma mchwa hapigi hodi.

Dohani na moto

Hata kama utapika kwa gesi, dohani iache wazi na hai. Ndiyo mapafu ya jiko. Chungulia kwanza kutoka juu. Mkoa huu ni wa nyuki, na dohani isiyotumika huwa mzinga wa bure; mwite mrina asali aje jioni awahamishe, usiwashe moto kuwafukuza. Kisha pitisha brashi ya waya iliyofungwa kwenye kamba kutoka juu kwenda chini mpaka masizi yaishe. Kwa kipimo, choma nyasi mbichi kidogo chini na mtu mwingine azunguke nje na darini kutazama moshi unatokea wapi. Palipopasuka paunganishwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga upande wa ndani, na chokaa upande wa nje. Juu weka kofia ya bati na wavu.

Jiko la chuma la kuni, ukibahatika kulipata kwa wauza vyuma chakavu, likaguliwe sahani za juu na kuta za ndani kama zina nyufa kabla hujalipia. Kutu ya juujuu si tatizo, huondoka kwa brashi ya waya na mafuta. Chuma cha kusubu kilichopasuka ni kigumu sana kukiunga.

Maji, umeme na gesi

Kanuni yangu ni kwamba vitu vipya visifukiwe ndani ya kuta za zamani. Kuchimba mfereji kwenye ukuta wa mawe ili kuficha waya hulegeza mawe, na siku waya ukiungua utachimba tena. Pitisha nyaya ndani ya mabomba yaliyofungwa juu ya ukuta, wima na yaliyonyooka, kama zilivyopitishwa katika nyumba nyingi za zama hizo, uyapake rangi ya ukuta. Waya wa zamani uliofunikwa kwa mpira au kitambaa usiutumie hata kipande, kwani mpira huo hukauka na kupukutika. Fundi awe na leseni ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Soketi zipitishiwe waya wa milimita 2.5 za mraba, oveni ya umeme iwe na njia yake peke yake, na pawepo na swichi inayokata umeme pindi unapovuja, ya milliampia 30.

Maji ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, huacha ukoko mweupe kwenye koki. Nunua koki za shaba zenye mpira unaobadilishika, na uweke chujio na valvu ya kufungia kabla ya sinki. Tangi la akiba la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo lisimame juu ya mnara wake, kamwe si juu ya ukuta wa zamani. Mtungi wa gesi ukae nje, kivulini, penye hewa, na bomba lake lipite ukutani ndani ya kifuko cha chuma. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, hivyo tundu la kutolea hewa liwe usawa wa sakafu na si juu dirishani. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni.

Samani

Kabati za kisasa zinazoshika ukuta mzima huzuia ukuta kupumua na kuwapa mchwa na mende makazi. Jiko la zamani lilikuwa na vitu vinavyosimama kwa miguu yake. Cha kwanza ni meza ya kazi katikati, ya mninga au mkongo, bamba lake lisipungue unene wa sentimita 4. Kuhusu urefu, fundi atakupa sentimita 90 bila kuuliza. Mwite yule hasa atakayesimama hapo kila siku, apime kwa kusimama na kisu mkononi, viwiko vikiwa vimekunjwa. Mbao za miti hii hutoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, na muuzaji halali atakuwa na nyaraka za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao ambayo haijakauka vizuri itapinda mara itakapokutana na Septemba ya Dodoma, hivyo iache ndani ya nyumba yenyewe kwa wiki kadhaa kabla ya kuiunga.

Cha pili ni kabati la wavu, lililotumika kuhifadhi nyama, maziwa na mabaki ya chakula kabla ya friji kuenea. Lina miguu mirefu, na kila mguu uliwekwa ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Litengeneze upya kwa wavu wa shaba, na ulitumie kutunza mkate, vitunguu na matunda. Friji yenyewe, na mashine nyingine zenye kelele, ziende stoo. Sinki liwe la kaure nyeupe, kubwa na refu kwenda chini, likikalia nguzo mbili fupi za tofali zilizopigwa lipu, chini yake pakiwa wazi kwa ndoo. Rafu zirudi kwenye matundu uliyoyapima siku ya kwanza, juu ya vishikizo vya mbao. Na ikiwa umekuta uani jiwe la kusagia, ambalo mara nyingi limegeuzwa kizuio cha mlango, lirudishe ndani, chini ya dirisha ambapo mtu anaweza kupiga magoti akiwa na mwanga.

Bawaba, komeo na vitasa vya zamani usivitupe. Viloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, uvisugue, na utagundua kwamba vingi ni vya shaba iliyopakwa rangi mara kumi.

Kuwasha moto wa kwanza

Wapishi huwa na haraka, lakini dohani iliyounganishwa upya ina maji ndani yake, na moto mkali wa ghafla huyageuza mvuke na kupasua viungo. Subiri wiki tatu baada ya fundi kuondoka. Siku ya kwanza choma vijiti vichache kwa nusu saa, uache vipoe vyenyewe. Siku ya pili saa moja, ya tatu vivyo hivyo na kuni kidogo zaidi, ukitazama nje kama kuna unyevunyevu unaotokeza kwenye lipu ya dohani. Ukiuona, rudi nyuma siku moja. Kufikia siku ya saba sahani ya juu ya jiko la chuma itaweza kuchemsha sufuria ya maji bila moshi kurudi chumbani, na hapo unaweza kubandika ugali.